Fikiria kwa Lugha Ipi, Uamue kwa Lugha Ipi

Kila Januari, shule za mchepuo wa Kiingereza zinapotafuta wanafunzi, tangazo lilelile hurudi kwa rangi mpya: mtoto anayejua lugha mbili ana akili zaidi. Mzazi analisoma, anatazama ada, anamtazama mwanawe, na jioni hiyohiyo anaanza kumsemesha Kiingereza hata anapomwogesha, Kiingereza ambacho yeye mwenyewe kinamkwama. Watu wazima nao hawako nyuma. Mfanyabiashara wa Kariakoo anajiandikisha darasa la Kichina kwa sababu mzigo wake unatoka Guangzhou, muuguzi anasoma Kijerumani akitafuta kazi ng'ambo, na wote wawili wameshaambiwa kwamba mbali na kazi watanolewa ubongo pia.

Nimefundisha lugha kwa muda wa kutosha kuulizwa swali hilo na kila aina ya mtu, na jibu langu halijabadilika. Lugha ya pili haikuongezei akili kwa kukaa tu kichwani. Inachokupa ni uchaguzi: tatizo likikujia, unaweza kulishika kwa lugha hii au kwa ile, na mara nyingi unachokiona kinatofautiana. Wengi wetu uchaguzi huo tunao tangu utotoni. Tanzania peke yake ina lugha zaidi ya 120, na kwa mamilioni ya watu wake Kiswahili chenyewe ndicho lugha ya pili. Tunao, ila tunautumia kwa mazoea tu, kama inavyotokea. Ushauri wangu wote hapa ni kuutumia kwa kukusudia.

Kwanza tumalizane na lile tangazo. Mwaka 1923 mtafiti mmoja, D. J. Saer, alichapisha matokeo ya vipimo vya akili walivyofanyiwa watoto wapatao 1,400 huko Wales. Watoto wa vijijini waliojua Kiwelisi na Kiingereza walipata alama za chini kuliko wenzao wa Kiingereza kitupu, na wengi wakashika kwamba lugha mbili zinamvuruga mtoto. Tofauti hiyo haikuonekana kwa watoto wa mjini, jambo ambalo lingepaswa kumshtua mtu mapema, lakini kwa miongo kadhaa wazazi sehemu nyingi za dunia walishauriwa kuiacha lugha ya nyumbani. Kisha mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert wakapima watoto wa miaka 10 mjini Montreal, Kanada, wanaojua Kifaransa na Kiingereza, wakapata kinyume kabisa: wenye lugha mbili walikuwa mbele katika vipimo vingi. Dunia ikageuka. Kilichoonekana sumu kikawa dawa.

Ukichungulia utaona kwamba pande zote mbili zilikuwa na kasoro ya aina moja. Saer alilinganisha watu ambao maisha yao hayakufanana. Peal na Lambert nao waliwachagua watoto waliozimudu vizuri lugha zote mbili. Anayejikongoja katika lugha ya pili hakuingia kwenye hesabu. Baadaye Ellen Bialystok wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, alitoa matokeo mengi yaliyoonyesha kwamba wenye lugha mbili ni wepesi zaidi katika kazi zinazodai kupuuza kinachovuruga macho. Mwaka 2013 Kenneth Paap na Zachary Greenberg wakasema wametafuta faida hiyo na hawakuiona. Na mwaka 2018 kundi la watafiti likiongozwa na Minna Lehtonen lilikusanya tafiti 152 za watu wazima. Walipozingatia kwamba matokeo mazuri huchapishwa kirahisi kuliko yasiyo na habari, faida ikayeyuka.

Kilichobaki na uzito ni habari ya wazee. Huko Hyderabad, India, Suvarna Alladi na wenzake walipitia majalada ya wagonjwa 648 wa demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri uzeeni. Mwaka 2013 waliripoti kwamba wagonjwa wenye lugha zaidi ya moja walianza kuugua miaka minne na nusu hivi baadaye kuliko wa lugha moja, na hali ilikuwa hivyohivyo hata kwa wasiojua kusoma. Hili la mwisho linatuhusu sana. Bibi anayesema Kibena nyumbani, Kihehe sokoni na Kiswahili zahanati hana cheti cha lugha yoyote, lakini yumo. Hata hapo bado wanasayansi wanabishana, kwa hiyo usijifunze Kifaransa kama chanjo.

Kwa hiyo mtu akikuambia lugha mbili huongeza akili, muulize: nani amelinganishwa na nani? Watoto wa shule ya ada ya milioni kadhaa wana lugha mbili, ni kweli. Wana pia vitabu, taa ya kusomea na kifungua kinywa.

Sasa twende kwenye yanayofanya kazi.

Darasa la jioni, kidato cha pili, Dar es Salaam. Ubaoni kuna swali la hisabati kwa Kiingereza. Bomba la kwanza linajaza tangi kwa muda wa saa 6, la pili kwa muda wa saa 3. Yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa baada ya muda gani? Kijana wa mbele anaandika harakaharaka, kwa mwandiko safi na maelezo ya Kiingereza yasiyo na kosa: saa 4 na nusu. Namwambia amweleze jirani yake kwa Kiswahili alivyofika pale.

"Nimejumlisha sita na tatu, nikagawa kwa mbili."

"Bomba la pili likiwa peke yake linatumia muda gani?" jirani anamuuliza.

"Saa tatu."

"Halafu umeliletea msaidizi, ndiyo likachelewa? Huyo msaidizi kazi yake kumwaga?"

Darasa linacheka, naye anacheka, na hapohapo anafuta. Kwa saa moja bomba la kwanza linajaza sehemu moja ya sita, anasema, la pili linajaza sehemu moja ya tatu, yaani mbili za sita. Jumla tatu za sita. Nusu tangi kwa saa. Basi saa mbili! Anaandika upya kwa Kiingereza, na Kiingereza chake ni kilekile cha mwanzo.

Kijana huyo hakukosa hisabati, wala hakukosa Kiingereza. Alikuwa na Kiingereza cha kuandikia jibu lakini hakuwa na Kiingereza cha kubishania. Katika lugha ya darasani alikuwa akitafuta namba na kukumbuka kanuni ya kuzifanyia kitu. Katika lugha ya barazani aliliona tangi, akaliona na bomba. Mwanasaikolojia Michelene Chi na wenzake walionyesha mwaka 1989 kwamba wanafunzi wanaojieleza wenyewe kila hatua ya mfano wanaousoma hulielewa jambo vizuri zaidi kuliko wanaousoma wakapita. Kujieleza huko kunahitaji lugha ambayo unaweza kusema "hapana, haiwezekani" bila kutafuta maneno.

Tanzania jambo hili lina makali yake, kwa sababu mtoto anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza anabadilishiwa lugha ya kufundishiwa kama mtu aliyehamishwa nyumba usiku. Tangu mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ilishasema kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kusomea. Mjadala wa sera tuwaachie wenye mjadala. Wewe uliye darasani leo mtihani wako ni wa Kiingereza, na unaweza kujisaidia kuanzia jioni hii.

Soma swali au sura kwa Kiingereza. Funga kitabu. Mweleze mtu kwa lugha unayoweza kubishana nayo: Kiswahili, Kihaya, Kikamba, Sheng, yoyote ile. Mruhusu akupinge. Kisha rudi uandike kwa Kiingereza bila kutazama kitabu, na hapo tu ndipo ufungue ukague istilahi. Hatua ya mwisho usiiruke. Nimeona makundi ya kujisomea yanayomaliza kila kitu kwa Kiswahili, yanaelewa vizuri sana, halafu siku ya mtihani yanakosa maneno. Kama huna mtu wa kumweleza, ongea na simu yako, jirekodi, kisha jisikilize. Utajikuta unajicheka pale ulipobabaisha.

Mbinu hii ina historia inayonifurahisha. Mwaka 1994 mwalimu mmoja, Cen Williams, aliipa jina na kuieleza kitaalamu: mwanafunzi apokee jambo kwa lugha moja, alifanyie kazi, kisha alitoe kwa nyingine, kwa sababu huwezi kuhamisha usichokielewa. Aliyafanya hayo Wales, nchi ileile ya vipimo vya mwaka 1923.

Ofisini inafaa vilevile. Mkataba, mwongozo wa mashine, masharti ya zabuni: kabla ya kusema umeelewa, jaribu kumwambia mwenzako kwa lugha nyingine. Neno unaloshindwa kulieleza ndilo ambalo ulikuwa unalisoma kwa heshima tu.

Hadi hapa nimeitetea lugha ya karibu, ile ya kubishania. Lakini ukaribu una hasara zake, na hapo ndipo lugha ya kujifunza inapopata kazi yake ya pekee.

Kuna fumbo lililotungwa na Amos Tversky na Daniel Kahneman mwaka 1981, na limetumika kwa namna nyingi tangu hapo. Katika toleo moja, ugonjwa utaua watu 600,000. Dawa ya kwanza itaokoa watu 200,000. Dawa ya pili ina nafasi moja kati ya tatu ya kuwaokoa wote, na mbili kati ya tatu ya kutomwokoa hata mmoja. Wengi huchagua ya kwanza. Sasa geuza maneno: ukitumia dawa ya kwanza, watu 400,000 watakufa, ukitumia ya pili, kuna nafasi moja kati ya tatu kwamba hafi mtu. Wengi huhamia ya pili. Hesabu haijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni kusikia "wataokolewa" au "watakufa".

Mwaka 2012 Boaz Keysar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa watu fumbo la namna hii kwa lugha waliyojifunza ukubwani au darasani: Wamarekani kwa Kijapani, Wakorea kwa Kiingereza. Kule kuyumba kukatoweka. Waliosoma kwa lugha ya kujifunza walichagua karibu sawasawa, liwe swali limepambwa kwa uokoaji au kwa vifo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba lugha ya kujifunza haijabeba hofu na matumaini mengi kama ile uliyolelewa nayo. Umekemewa, umebembelezwa na kufiwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwenu. Kwa Kijerumani umefanya mazoezi tu.

Tumia hilo pale panapokuwa na pesa na moto moyoni. Chukua mkopo wa mtaani: unapewa 100,000, unarejesha 32,500 kila wiki kwa wiki nne. Mwenye kukopesha anasema kwa Kiswahili kitamu kwamba ni kiasi kidogo tu kila Ijumaa, na shida uliyonayo nyumbani inakuitikia. Kaa chini, andika upya kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu chako cha kuungaunga, sentensi mbili: ninapokea kiasi gani, ninatoa kiasi gani. Unatoa 130,000. Unalipa 30,000 kwa kukaa na laki moja kwa wiki nne, na laki hiyo hukai nayo yote, maana kila Ijumaa inapungua. Halafu igeuze sentensi: badala ya "nitapata" andika "nitapoteza", uone kama bado unaitaka. Kwa dalali wa viwanja anayekuambia kuna mteja mwingine anakuja saa kumi, fanya hivyohivyo. Lugha unayoisema polepole inakulazimisha kupunguza mwendo, na haraka ndiyo mtaji wa dalali.

Usiitarajie ikufanyie hesabu, hata hivyo. Jaribu hili. Daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100, na daftari limeizidi kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu ni shilingi ngapi? Jibu linaloruka mdomoni ni 100. Jibu sahihi ni 50, maana daftari ni 1,050. Albert Costa na wenzake nchini Hispania waliwapa watu mitego ya aina hii kwa lugha ya kujifunza, na walinasa vilevile kama kwa lugha yao. Pale kosa linapotokana na hisia, lugha ngeni husaidia. Pale linapotokana na uvivu wa kukagua, hakuna lugha itakayokukagulia.

Kuna jambo jingine alilolionyesha Costa huyohuyo, mwaka 2014, ambalo ningependa lisomwe kwenye kila ofisi inayofanya vikao kwa Kiingereza. Ni lile fumbo la reli: gari linakuja, litaua watu watano, na njia pekee ya kulizuia ni kumsukuma mtu mmoja kutoka darajani. Walipoulizwa kwa lugha yao, karibu asilimia 20 walisema wangemsukuma. Walipoulizwa kwa lugha ya kujifunza, ikawa asilimia 33 hivi. Ubaridi uleule unaokuokoa mbele ya mkopeshaji ndio unaompunguzia mtu uzito mbele ya mwenzake.

Fikiria kikao cha menejimenti kinachojadili kupunguza wafanyakazi. Waraka ni wa Kiingereza, jedwali ni la Kiingereza, na watu 14 wameandikwa kama gharama. Kila aliyemo chumbani anakisema Kiingereza vizuri na hakuna aliyeimbiwa nacho mgongoni. Ushauri wangu kwa mwenyekiti ni mdogo na hauna gharama: kabla ya kutia saini, ajenda hiyo moja isomwe tena kwa Kiswahili, kwa sentensi ambayo mngeweza kumwambia mhusika uso kwa uso. Huenda uamuzi ukabaki uleule. Lakini nimekaa kwenye vikao, na najua sentensi ikibadilika lugha kuna mtu huinua kichwa na kuuliza, "Huyu wa stoo si ndiye amebakiza mwaka mmoja kustaafu?" Kwa Kiingereza swali hilo lilikuwa halina pa kuingilia.

Hesabu zenyewe zina tabia yake. Elizabeth Spelke na Sanna Tsivkin waliwafundisha wenye Kirusi na Kiingereza hesabu mpya kwa lugha moja, na kuwapima kwa zote mbili. Majibu kamili yalikuja haraka zaidi kwa lugha waliyofundishiwa. Makadirio hayakujali lugha. Huhitaji maabara kuliamini hilo, mwambie mtu akutajie namba yake ya simu kwa lugha asiyoizoea uone anavyokwama. Kwa hiyo ukihesabu fedha dukani, usibadilishe lugha katikati ya hesabu, na jedwali la kuzidisha likague kwa lugha uliyolikariri nayo. Makadirio fanya kwa lugha yoyote.

Kuna faida moja ya lugha ya pili ambayo haipimwi kwa sekunde na vitufe, na mimi naithamini kuliko nyingi: inakuonyesha kwamba ulichodhani ni maumbile ni mapatano tu. Tiketi ya basi imeandikwa 06:00 na abiria anajua ni saa kumi na mbili asubuhi. Mgeni aliyejifunza Kiswahili juzi anaambiwa saa kumi na mbili na anafika stendi saa sita za mchana, basi liko Morogoro. Aliyelelewa na namna mbili za kuhesabu saa amezoea, bila kujijua, kuuliza: unahesabu kuanzia wapi? Swali hilo libebe kwingine. Punguzo la asilimia 50 la bei ipi? Mshahara umepanda tangu lini? Ajali zimepungua kulingana na mwaka gani?

Benjamin Lee Whorf, mkaguzi wa bima ya moto huko Hartford, Marekani, aliyependa isimu, alidai kwamba lugha ya Wahopi haina wakati kama tunavyoujua, na kwamba fikra zao zilifuata hivyo. Mwaka 1983 Ekkehart Malotki akatoa kitabu kinene kilichojaa maneno ya Kihopi ya wakati, na dai likaporomoka. Lugha haimfungi mtu asiwaze jambo. Alichokiona Dan Slobin kina mashiko zaidi: lugha inakulazimisha uangalie mambo fulani ili uweze kusema. Mswahili hahitaji kujua kama anayezungumziwa ni mwanamke au mwanamume ili amalize sentensi, na ndiyo maana watu wazima wenye shahada bado wanamwita shangazi yao kwa kiwakilishi cha kiume wanaposema Kiingereza. Anayejifunza Kiarabu lazima ajue hilo kabla ya kutamka kitenzi. Wasema Kuuk Thaayorre wa kijiji cha Pormpuraaw, kaskazini mwa Australia, husema mashariki na magharibi pale ambapo wengine husema kushoto na kulia, kwa hiyo lazima wajue walikoelekea muda wote. Lera Boroditsky na Alice Gaby waliwapa picha za mtu kutoka utoto hadi uzee wazipange. Walizipanga kutoka mashariki kwenda magharibi, hata walipogeuzwa upande.

Kwa anayejifunza lugha, hapa ndipo pa kukazia macho. Kanuni inayokukera zaidi, ile unayoikosea kila siku, mara nyingi ndiyo inayokudai uangalie kitu usichozoea kukiangalia. Usiikimbilie kwa kukariri tu. Tembea nayo mtaani siku nzima ukitaja kimoyomoyo kila unachokiona kwa kanuni hiyo. Na tatizo la kazini likikwama, lichore upya kwa mpangilio mwingine: anzia mwisho, panga kutoka kulia. Wazee wa Lamu na Unguja waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na hesabu zao za majahazi zilinyooka.

Sasa gharama. Kozi ya miezi mitatu iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme haitakufikisha kwenye lugha ya kufikiria. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, inayofundisha wanadiplomasia wake kwa kutwa nzima, hukadiria wiki 36 hivi kwa msema Kiingereza kukimudu Kiswahili kikazi, na 88 kwa Kichina au Kiarabu. Kwa Mswahili Kiarabu hakitakuwa kigumu kiasi hicho, maneno yake mengi tunayo tayari. Kichina kitakuwa.

Muda huo utumie vizuri. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba anayejipima kile alichokisoma hukumbuka zaidi baada ya wiki kuliko anayekisoma tena na tena, ingawa huyu wa pili ndiye anayejiona anajua. Funika ukurasa, jaribu, kosea, fungua. Rudia kesho, rudia baada ya siku kadhaa. Chagua eneo moja la maisha yako ulihamishie kwenye lugha mpya mapema: mapishi, mpira, ankara za duka. Mfanyabiashara anayejifunza Kichina aanze na vipimo, rangi, kasoro za bidhaa na namna ya kukataa bei, mashairi yatakuja baadaye.

Na tafsiri. Mwalimu Nyerere, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, ya kwanza ikatoka mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969, miaka ambayo mezani kwake hakukukosekana mafaili. Sikuambii utafsiri Shakespeare. Chukua aya moja ya gazeti kwa wiki, ihamishe, kisha baada ya siku mbili irudishe kwenye lugha ya kwanza bila kutazama ya asili. Zilinganishe. Pale zilipoachana ndipo palipokuwa na wazo ambalo hukulishika. Zoezi hili linachosha kuliko programu za simu zenye nyota na makofi, na ndilo ambalo ningebaki nalo nikilazimika kuchagua moja.

Mzazi niliyeanza naye bado anasubiri. Dada yangu, kaka yangu, msemeshe mtoto lugha ambayo wewe ni tajiri nayo: unayoweza kutania, kukanya, kusimulia na kubishana nayo bila kutafuta. Akichanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja usimpeleke popote, ndivyo wafanyavyo watoto wa lugha mbili, na watu wazima wa Nairobi pia. Huenda msamiati wake katika kila lugha ukawa mdogo kidogo kuliko wa mtoto wa lugha moja. Ukijumlisha zote mbili, hana upungufu. Kama bibi yake anasema Kipare, wape nafasi ya kukaa pamoja bila wewe kuwa mkalimani.

Na unapokwenda kuitazama shule, waache waonyeshe kompyuta na basi la njano, kisha uliza mtoto asipoelewa sehemu za hesabu kwa Kiingereza mara ya kwanza, mwalimu anamweleza mara ya pili kwa lugha gani. Uliza pia anayeongea Kiswahili au lugha ya kwao uwanjani anafanywa nini. Huko Wales karne ya 19 walimvika mtoto kipande cha mbao shingoni kwa kusema Kiwelisi, na Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika jinsi watoto wa Kenya ya kikoloni walivyovishwa vibao kwa kusema Kikuyu. Mwalimu mkuu akikuonyesha kibao cha namna hiyo, hata kikiwa cha plastiki na kimepigwa chapa ya shule, chukua fomu yako uondoke nayo, maana umeshaambiwa watoto wa hapo hubishana kwa lugha gani: hawabishani.